Daftari la Chuma la Mzee Marhoun

Sur, 10 Januari 2024

Kaka Zakariya,

Shikamoo. Mimi mzima, ila goti la kushoto ambalo siku hizi linabishana na kila ngazi. Natumai wewe na Bi Hala hamjambo.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Lakini simu yako huiweka kwenye spika, na ukiwa garini nusu ya Nizwa inanisikia. Tena kwenye simu tunateleza kwenye Kiarabu, na habari ya leo ni ya Baba, siwezi kuisema ila kwa lugha yake. Nimempa Maram akuletee Alhamisi akitoka kazini kwake kwenye kiwanda cha gesi. Bahasha sikuhangaika kuifunga. Binti yako nakaa naye nyumba moja wiki nzima, Kiswahili chake kinaishia kwenye "chai" na "njoo ule".

Kaka, nimelipata daftari. Lile la jalada la kijani, lilikuwa chini kabisa ya sanduku la marehemu Mama, limefungwa ndani ya kanga. Nimehesabu maneno mia mbili na kumi na manne. Kila neno la Kiingereza kwa herufi kubwa, mbele yake maana kwa Kiswahili, na pembeni picha aliyoichora mwenyewe kwa penseli. ANVIL, fuawe. BELLOWS, mivukuto. CLINKER, mavi ya chuma. Mengine yalikuwa ya kale tangu wakati ule, maana msimamizi wao Mwingereza katika karakana ya reli pale Tabora alikuwa mtoto wa mhunzi wa kijijini kwao. Ukurasa mmoja Baba ameandika: "Neno hili, asema, hata London hawalijui tena. Mimi Marhoun nalijua." Nilicheka peke yangu hadi nikakohoa.

Ghadeer, niliyemsomesha darasa la sita na sasa ni mwalimu wa chuo, anatayarisha maonyesho hapa Sur mwezi wa Mei kuhusu zana za kazi za wazee wetu. Ameliona daftari. Anataka kuliweka ndani ya kioo, na picha ya Baba, na jina lake kamili, na chini yake neno moja: mhunzi. Nilipomwambia ndiyo nililia mbele yake bila haya. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Wewe hukusana wala hukuvukuta, ulikimbilia wizarani, lakini nataka uwe wa kwanza kujua.

Mdogo wako,
Turkiya


Nizwa, 13 Januari 2024

Mdogo wangu Turkiya,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu, hatujambo.

Huyo Ghadeer mwambie hapana. Mwambie leo, usingoje kesho.

Unajua Maram ameposwa na watu wa Izki. Kijana Hisham ni mhandisi, ana adabu, na binti anamtaka. Usilolijua ni kwamba posa bado wanaipima. Ami yake, Sheikh Muntasir, amekuja hapa mara mbili. Anakunywa kahawa, anasifu tende, halafu anauliza: mzee wenu huko Bara alishika kazi gani? Nimemjibu lile tulilolisema tangu tulipotua Ibra mwaka wa sabini na nne, kwamba alikuwa na duka la nguo Tabora. Wewe unaijua nchi hii. Mhunzi wataswali naye, watakula naye sinia moja, watamwita wanapoihitaji nyundo yake. Kuchanganya naye damu ni habari nyingine. Sikuutunga mimi ulimwengu.

Sasa wewe unataka kuliandika neno hilo chini ya picha ya Baba na kuliwekea taa, kabla hata ya nikaha ya mjukuu wake!

Nipe daftari, nitalifungia kwenye kabati langu la chuma pamoja na hati za nyumba. Maram akishaolewa lifanyie upendalo. Nakuomba kama kaka, na nakuomba kama baba wa binti.

Zakariya


Sur, 24 Januari 2024

Kaka Zakariya,

Shikamoo. Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Siku tano za kwanza nilikuwa nakujibu moyoni, na majibu yale hayaandikiki.

Halafu nikamtazama Maram anapopokea simu ya yule kijana, anavyotoka hadi uani ili nisisikie, na anavyorudi na masikio mekundu. Nikajikumbuka mimi wa mwaka wa themanini na tatu.

Hatujapata kulitaja hili, na leo nitalitaja mara moja. Ulipotumwa Sur kuonana na wazazi wa Thani, aliyetaka kunioa, ukarudi ukasema wamekataa, kwamba wamepata habari za kazi ya Baba na hawaoi kwa mhunzi, mimi nililia wiki mbili, nikapona kwa namna yangu. Baba hakupona. Unakumbuka alivyokuwa akiniweka kila siku baada ya alasiri, ndani, mlango umefungwa, ananifundisha maneno yake? Yeye anasema QUENCH, mimi najibu kuzimisha chuma majini. Yeye TEMPER, mimi kutia matiko. Tangu siku uliyoleta jibu lile hakunifundisha neno jingine. Wiki ile ile alitoka na nyundo yake ya Tabora akarudi mikono mitupu. Aliishi miaka kumi na mitatu zaidi, na sikumsikia tena akitaja chuma. Alijua kuwa mikono yake ndiyo iliyoninyima mume.

Basi sitaki Maram apitie nilikopita. Ghadeer nimemwambia asubiri. Daftari hilo hapo ndani ya mfuko wa mkate, Maram anadhani ni vitabu vya dua. Lishike kwa mikono miwili, kaka. Kurasa za mwisho zimelegea.

Turkiya


Nizwa, 27 Januari 2024

Mdogo wangu,

Limefika. Liko kabatini, ufunguo ninao mimi peke yangu. Mungu akulipe. Sheikh Muntasir amesema baada ya Idi watakuja kuweka tarehe.

Zakariya


Sur, 24 Aprili 2024

Zakariya,

Shikamoo sina leo.

Thani amekufa. Ulijua? Alifariki siku ya sita baada ya Idi, moyo. Nilikwenda kuhani kwa sababu ni mji mmoja na miaka arobaini tumepishana sokoni tukisalimiana kwa vichwa. Dada yake Mahbouba akanishika mkono, akanivuta chumba cha ndani, akaniambia maneno ambayo nimeyaandika hapa kama alivyoyasema:

"Bi Turkiya, leo kaka yangu hayupo, wacha nikuulize. Sisi tulikukosea nini? Baba yangu alikuwa ameshanunua mpaka ng'ombe. Kaka yako alikuja akamkuta baba motoni, anafua misumari ya majahazi. Baba akainuka kumpa mkono, na kaka yako hakuupokea. Akasema wewe umeshaposwa na mtoto wa ami yako. Thani alingoja miaka sita kusikia umeolewa. Mbona hukuolewa?"

Nilikiweka chini kikombe cha kahawa, nikatoka. Mbona sikuolewa! Nimefundisha watoto wa watu miaka thelathini na mmoja katika mji huu, nikiinamisha macho kila nikipita karibu na nyumba ile, nikidhani wao ndio walioniona duni.

Kumbe baba yake Thani naye alikuwa mhunzi. Nilipoletwa kufundisha huku moto wake ulikuwa umeshazimwa, na hakuna aliyenitajia. Angemkataa nani kwa uhunzi?

Nina maswali mawili tu. La kwanza, ni kweli? La pili, kama ni kweli, uliwezaje kumwambia Baba yale uliyomwambia? Usinijibu kwa simu. Sitaki kusikia sauti yako. Na daftari nirudishie kwa mkono wa Maram Jumamosi hii. Kiko kioo kinacholingoja.

Turkiya


Nizwa, 27 Aprili 2024

Turkiya,

Ni kweli.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Ibra walikuwa bado wanatuita wageni, sisi ambao babu zetu wamezikwa pale. Kiarabu changu walikicheka ofisini. Nilikuwa nimeanza tu kuitwa jina langu. Nikafika Sur, nikaelekezwa pwani, nikamwona yule mzee anapangusa mkono kwenye kikoi ili anipe. Mkono ulikuwa na makovu ya cheche mpaka kwenye kiwiko. Ulikuwa mkono wa Baba, Turkiya. Nikaona watu wanavyosema: mmeona, wamekwenda kwa wenzao, ndege wa bawa moja. Siri ya miaka tisa ingefumuka katika sherehe ya siku moja. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kulitia hapo.

Kwa Baba, nilirudi nikamwambia wamekataa. Akauliza kwa nini. Nilitaka sababu ambayo hataibisha, wala hatafunga safari kwenda kuwauliza mwenyewe. Ilikuwapo hiyo moja tu. Nilidhani atakasirika kisha atasahau, kama wazee wanavyosahau. Nilipomwona ametoka na nyundo yake nilimfuata mpaka mlangoni. Nikarudi ndani.

Sasa daftari. Wiki za kwanza lilikuwa kabatini kama nilivyokwambia, sikukudanganya. Lakini kila Sheikh Muntasir alipokaa mbele yangu nililisikia. Mke wangu akiomba ufunguo nilimwambia sijui nilipouweka. Siku ya Idi mtaa wetu ulikuwa na shimo lake la shuwa, la kuokea nyama chini ya ardhi, kila nyumba na gunia lake la nyama, moto unawaka tangu asubuhi mpaka mawe yamekuwa mekundu. Nikalitia humo kabla nyama haijashushwa, watu wakidhani ni makaratasi ya ofisi. Liliungua upesi. Tulifukua siku ya tatu tukala.

Nimefanya kwa ajili ya binti yangu. Mungu anajua nia yangu. Unisamehe ukiweza, na usipoweza, basi usimharibie Maram.

Zakariya


Nizwa, 8 Juni 2024

Turkiya,

Umefurahi?

Sheikh Muntasir alikuja jana baada ya swala ya Ijumaa. Hakugusa kahawa. Nilijua hapo hapo. Akasema, namnukuu: "Tulikuuliza mara tatu, ukatuambia nguo. Tumeambiwa sasa kuwa mzee alikuwa mhunzi, na kwamba kila aliyetoka Tabora anamkumbuka kwa hilo na anamsifu. Uhunzi tungeumeza. Lakini mtu anayemkana baba yake, kesho atamkana nani?" Akavaa viatu akaondoka. Maram alikuwa nyuma ya pazia.

Watu wawili tu ndio wangeweza kulifikisha neno hili Izki, na mmoja ni mimi. Umelipiza. Ulingoja miaka arobaini na moja ukanipiga kupitia kwa mtoto aliyekula chumvi yako. Ungenijia mimi. Ungenitukana sokoni, ningeinamisha kichwa.

Barua hii ni ya mwisho.

Zakariya


Sur, 12 Juni 2024

Zakariya,

Sikusema. Laiti ningesema.

Tangu barua yako ya shimo la shuwa kila siku nilishika simu kuwatafuta hao watu wa Izki, na kila siku nilimwona Maram anapiga pasi abaya yake akiimba, nikaiweka chini. Niamini au usiniamini, mimi na wewe hatuna tena cha kuharibiana.

Lakini nisikie jambo moja. Naona umeyashika maneno ya Sheikh Muntasir, unayarudia usiku na mchana: uhunzi tungeumeza. Usidanganyike. Hayo ni maneno ya watu wa adabu wanapotoka mlangoni. Ungewaambia ukweli siku ya kwanza wangekunywa kahawa yako yote, wakasifu tende, wakasema istikhara haikukaa sawa. Wangekataa hivi na wangekataa vile. Tofauti ni kwamba daftari lingekuwapo.

Hata faraja ya kuwa ulikosea hesabu sikuachii. Ulichoma bure.

Turkiya


Nizwa, 22 Juni 2024

Shangazi Turkiya,

Shikamoo. Hii ni Maram. Samahani Kiswahili yangu ni mbaya, naandika na kamusi ya simu, naandika pole pole. Nimechukua likizo, barua anakuletea mwenzangu Mayar, anarudi kazini kesho.

Barua zenu zote nilisoma. Bahasha hamkufunga. Mlijua mimi sijui. Kwanza nilikuwa sijui kweli, nilisoma mstari moja kwa siku moja, naacha gari pembeni ya barabara kabla ya Ibra, natafuta neno. Nilitaka tu kujua kwa nini wewe na Baba mnaandika, hampigi simu. Halafu nikajua. Hata ile mfuko ya mkate nilifungua. Nilitazama kitabu ya babu yangu saa nzima, gari imezimwa, jua kali. Nilitaka kupiga picha. Wallahi nilitaka. Nikasema, haraka ya nini, baada ya harusi ataniambia Baba mwenyewe, tutasoma pamoja, nitajifanya sijui.

Mimi ndiye niliwaambia watu wa Izki. Nilipomaliza barua ya moto, nilimwambia Hisham: babu yangu alikuwa mhunzi, alijua maneno mia mbili, baba yangu ameona haya. Nilisema nikiwa najivuna. Yeye alicheka, akasema mama yake atapenda sana habari hii. Halafu hakupokea simu siku tisa. Kwa hiyo sijui, Shangazi. Sijui kama ni uongo ya Baba au ni chuma ya babu. Wewe unasema ni chuma. Baba anasema ni wewe.

Juzi nilimwambia Baba kuwa ni mimi. Alichukua kofia akaenda msikitini, na haikuwa saa ya swala.

Shangazi, nyama ile nilikula. Ilikuwa tamu sana, na nilisema hivyo mbele ya watu, nikaomba tena. Usiku sasa nalala nakumbuka hiyo.

Naomba kitu moja. Wewe babu alikufundisha. Niandikie maneno unayokumbuka. Nitayaandika upya, hata kama ni kidogo.

Maram


Sur, 27 Juni 2024

Maram binti Zakariya,

Marahaba, mwanangu. Kiswahili chako si kibaya. Kina majeraha, na majeraha hayo tumekutia sisi.

Sikuudhiki kwamba ulisoma. Naona haya kwamba tuliacha bahasha wazi mbele ya mtu mzima kama anayemwachia paka gazeti. Na lile la nyama liache. Hukujua. Aliyejua alikula vile vile.

Nimekaa siku nne mezani na kalamu. Yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Nimepata thelathini na moja, mengine nayaandika hapa na mengine yako kwenye karatasi ya pili.

ANVIL, fuawe. TONGS, koleo la kushikia chuma cha moto. BELLOWS, mivukuto. CLINKER, mavi ya chuma. HARDY, tindo linalosimama kwenye tundu la fuawe, chuma hukatiwa juu yake. Hapo Baba alichora kidole na tone la damu. LINCHPIN, msumari unaozuia gurudumu lisichomoke kwenye mhimili. HASP, ulimi wa chuma mlangoni unaopokea kufuli. RIVET, ribiti. QUENCH, kuzimisha chuma majini. TEMPER, kutia matiko. Alinieleza kuwa chuma kikiwa kigumu mno huvunjika, ndiyo maana kinarudishwa motoni kidogo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilidhani anazungumzia chuma tu, na naamini alikuwa anazungumzia chuma tu. Alikuwa mtu wa kazi yake.

Neno la thelathini na mbili ni SWAGE. Alinifundisha alasiri ya mwisho, siku baba yako alipokuwa njiani anarudi kutoka Sur. Nalikumbuka neno, naikumbuka picha, naikumbuka mikunjo ya kidole chake juu ya karatasi. Maana yake imenitoka. Usinitafutie kwenye simu. Simu itakupa maana ya Waingereza, na mimi nataka aliyoiandika yeye. Andika neno, kisha mbele yake acha mstari mtupu.

Ghadeer anasema maonyesho yamekwisha, lakini kile kioo kiko stoo.

Ukimaliza kunakili, barua hii usiirudishe kwenye mkoba. Bahasha sikuifunga. Iache mezani kwa baba yako, yeye Kiswahili anakijua.

Shangazi yako,
Turkiya binti Marhoun, mhunzi